Dawa ya saratani inapogoma: kwa nini jibu linatafutwa ndani ya jeni

Mgonjwa wa saratani ya damu anayeishi Tengeru, chini ya Mlima Meru, anaweza kumeza dawa yake kila siku kwa miaka miwili na akaonekana mzima kabisa. Analima, anapanda daladala kwenda soko la Kilombero, anasomesha watoto. Halafu siku moja majibu ya damu yanatoka na chembechembe nyeupe zimepanda tena. Dawa ni ile ile, na dozi ni ile ile. Sasa kilichobadilika ni nini?

Nyumbani kila mtu atakuwa na jibu lake. Mmoja atasema dawa ni feki. Mwingine atasema mwili umeizoea. Wa tatu atanong'ona kwamba mgonjwa ana mkono wa mtu. Lakini kwa watafiti wa saratani jibu liko kwenye maandishi madogo sana ndani ya seli, yaani jeni. Na siku hizi maandishi hayo yanasomeka.

Hii ni moja ya kazi kubwa za wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaosomea jenomu za saratani: kujua kwa nini dawa iliyofanya kazi jana imegoma leo. Kwa mgonjwa wa Arusha hili si suala la vitabuni tu. Likijibiwa vizuri, daktari anajua dawa ya kufuata. Lisipojibiwa, anabahatisha.

Somo la klorokwini

Aliyekulia Tanzania miaka ya 1980 na 1990 anaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na wengi wakiimeza walijikuna mwili mzima. Ilitibu malaria kwa miongo mingi, kisha ikaanza kushindwa. Mwaka 2001 serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria na kuweka SP. Nayo SP haikudumu, na ilipofika 2007 dawa mseto ya ALu ilikuwa imeshachukua nafasi yake.

Wengi walisema vimelea "vimeizoea" dawa. Si hivyo hasa. Dawa haimfundishi mdudu kuishi nayo. Kinachotokea ni sawa na kupe kwenye josho: wale dhaifu wanakufa wote, wachache waliozaliwa na kinga wanabaki, halafu wanaobaki ndio wanaozaana. Baada ya muda josho ni lile lile, dawa ni ile ile, ila kupe ni wa ukoo mwingine.

Saratani inafuata njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba adui hakutoka nje, ni seli za mwili wenyewe.

Kila seli inapogawanyika inanakili maandishi ya DNA yenye herufi takriban bilioni tatu, mara mbili: seti ya baba na seti ya mama. Makosa ya kunakili hutokea. Seli yenye afya ina mafundi wa kuyarekebisha, lakini kwenye saratani mafundi hao mara nyingi wameharibika. Makosa yanarundikana.

Uvimbe wa sentimita moja tu hukadiriwa kuwa na seli kati ya milioni 100 na bilioni moja. Kwenye umati wa namna hiyo, uwezekano ni mkubwa kwamba siku mgonjwa anapoanza dawa, seli chache zinazoweza kuihimili tayari zimo. Dawa inawasafisha majirani zao, na wao wanabaki na uwanja mtupu.

Ndiyo maana kuchelewa hospitali kunaumiza mara mbili. Uvimbe mkubwa ni mgumu kuuondoa, na pia una seli nyingi zaidi ambazo huenda zimeshakuwa sugu.

Kampala iliona mapema

Afrika Mashariki ililiona jambo hili kabla ya mashine za kusoma jeni kuwepo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya saratani iliyokuwa ikivimbisha taya za watoto. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kilichowashangaza madaktari ni jinsi ilivyoitikia dawa. Mtoto aliyefika na uvimbe uliomfunga mdomo aliweza kupewa dawa na uvimbe ukanywea ndani ya siku chache. Baadhi yao walipona moja kwa moja. Wengine waliondoka wakitabasamu, kisha wakarudi na uvimbe ule ule.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho baadaye kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kiliongozwa na John Ziegler, daktari kijana kutoka Marekani. Yeye na wenzake walifuatilia watoto waliorudiwa na ugonjwa na kuona tofauti. Waliorudiwa mapema, ndani ya miezi michache, mara nyingi dawa ya kwanza haikuwafaa tena. Waliorudiwa baada ya muda mrefu, wengi waliitikia dawa ile ile.

Somo lililobaki ni hili: kumpiga adui kwa dawa kadhaa za aina tofauti kwa pamoja. Seli inayoweza kuikwepa dawa moja ni nadra. Inayoweza kuzikwepa tatu kwa mpigo ni nadra zaidi. Akili hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria na kwenye vidonge vya kifua kikuu.

Herufi moja tu

Turudi kwa mgonjwa wa Tengeru. Ugonjwa wake unajulikana kwa kifupi kama CML, saratani ya damu inayokwenda polepole. Mara nyingi mtu huanza kwa kuchoka, kupungua uzito na kuhisi kitu kizito upande wa kushoto wa tumbo, kwa sababu bandama imevimba.

Chanzo chake kinajulikana vizuri kuliko cha saratani karibu zote. Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliona kwamba wagonjwa hao wana kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley alieleza sababu: kromosomu namba 9 na namba 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Mahali vipande vinapoungana panazaliwa jeni mpya, BCR-ABL, ambayo ni kama swichi iliyokwama. Inaiambia seli igawanyike, igawanyike, bila kupumzika.

Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, ambayo wagonjwa wengi wameijua kwa jina la kibiashara la Glivec. Dawa hii inaingia kwenye kijishimo cha protini ya BCR-ABL kama ufunguo kwenye kitasa na kuizima. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukawa wa kuishi nao, kama presha au kisukari. Kupitia mpango wa msaada, wagonjwa wa Tanzania nao walianza kuipata bila malipo.

Lakini mwaka huo huo wa 2001 watafiti walitangaza habari mbaya. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao dawa iligoma, herufi moja ya DNA kwenye jeni hiyo ilikuwa imebadilika. Herufi moja tu! Badiliko hilo, linaloitwa T315I, linaubadilisha umbo ule mlango wa kijishimo. Ufunguo hauingii tena, swichi inawaka upya.

Zilifuata dawa za kizazi cha pili, kama dasatinibu na nilotinibu, zinazoyashinda mabadiliko mengi ya aina hii isipokuwa T315I. Kwa T315I, Marekani iliidhinisha ponatinibu mwaka 2012.

Hapo ndipo umuhimu wa kusoma jeni unapoonekana. Wagonjwa wawili wanaweza kukaa benchi moja la kliniki, wote dawa imewagomea, na kila mmoja akahitaji dawa tofauti. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hata kipimo cha kawaida cha damu hakiwatofautishi.

Habari njema ni kwamba sehemu ya vipimo imesogea karibu. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu kwenye hospitali nyingi nchini, ina katriji ya kupima kiasi cha BCR-ABL kwenye damu. Inaonyesha kama ugonjwa unashuka au unapanda. Ila haisemi ni herufi gani imebadilika. Kwa hilo inabidi jeni yenyewe isomwe.

Si kila kugoma ni usugu

Kabla ya kuilaumu jeni, kuna maswali ya kawaida zaidi. La kwanza: je, dawa ilimezwa?

Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa 87 wa CML kwa kifaa cha kielektroniki kilichohesabu kila chupa ya dawa inapofunguliwa. Kwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi, nafasi ya ugonjwa kushuka hadi kiwango cha chini kinachotakiwa ndani ya miaka sita ilikuwa takriban 94 kwa 100. Kwa walioshuka chini ya hapo ilikuwa 28 kwa 100. Dawa ile ile, tofauti ni siku zilizorukwa.

Mgonjwa wa mkoani ana sababu nyingi za kuruka siku. Dawa inaweza kuwa ya bure, lakini nauli si ya bure. Kutoka Arusha hadi hospitali ya KCMC mjini Moshi ni kama kilomita 80. Hadi Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi ndiko kulikuwa na huduma kubwa za saratani, ni zaidi ya kilomita 600. Ongeza chakula, malazi na siku za kazi zilizopotea. Kufunguliwa kwa kituo cha saratani cha KCMC mwaka 2016 kuliwapunguzia watu wa Kaskazini safari hiyo, ingawa hakukuifuta.

Pia kuna wanaoacha kwa sababu wamejisikia vizuri, au wameambiwa kuna tiba nyingine. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, ndani ya Mkoa wa Arusha, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwemo wagonjwa wa magonjwa sugu, saratani ikiwemo. Mtu akiacha dawa ya saratani, anazipa seli zilizobaki nafasi ya kuongezeka na kufanya makosa mapya ya kunakili.

Swali la pili: je, mwili wa mgonjwa unaisaga dawa inavyotakiwa? Mfano ni tamoksifeni, kidonge cha saratani ya matiti kinachotumika sana. Chenyewe kina nguvu ndogo. Ini ndilo linalokigeuza kuwa dawa kali, kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6.

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Watanzania, ukieleza aina ya jeni hiyo iliyopewa namba 29. Aina hiyo ilikutwa kwa wingi miongoni mwao, na inatengeneza kimeng'enya chenye kasi ndogo. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani jambo hili linaathiri matibabu ya saratani ya matiti. Lakini linafundisha kitu: dozi iliyopimwa kwa watu wa nchi moja si lazima imkae sawasawa mtu wa nchi nyingine.

Na hapa kuna pengo kubwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya watu walioshiriki tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa duniani, asilimia 78 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2.

Fumbo la umio

Saratani inayowatesa hasa watu wa ukanda huu ni ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuna mstari unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania, na kushuka Malawi hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kuliko inavyotarajiwa. Kaskazini mwa Tanzania imo ndani ya mstari huo.

Watafiti wameshuku mambo mengi: tumbaku, pombe, moshi wa jikoni, lishe, na chai ya moto. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima joto la chai wanayokunywa watu wa Kilimanjaro. Kwa wastani walianza kunywa ikiwa na nyuzi joto 70.6. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, likatangaza kwamba vinywaji vyenye joto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio.

Basi watafiti wakaamua kuuliza uvimbe wenyewe. Visababishi vingi vya saratani huacha alama kwenye DNA, kama mwizi anavyoacha nyayo. Moshi wa sigara una alama yake, jua kali lina yake. Mwaka 2021 timu ya kimataifa ilichapisha matokeo ya kusoma jenomu za uvimbe 552 wa umio kutoka nchi nane: Tanzania, Kenya, Malawi, Iran, China, Japani, Brazil na Uingereza.

Matokeo yaliwaacha wengi midomo wazi. Alama za nchi zenye ugonjwa mwingi zilifanana sana na za nchi zenye ugonjwa mchache. Hakuna nyayo mpya iliyoeleza kwa nini Afrika Mashariki inaumia zaidi. Inawezekana kisababishi kinaunguza na kuchokonoa ukuta wa umio bila kuandika chochote kwenye DNA. Joto la chai linaweza kuwa la aina hiyo.

Lakini kuna alama moja iliyokutwa karibu kwa wagonjwa tisa kati ya kumi. Inatokana na vimeng'enya vya APOBEC, askari wa mwili wanaopambana na virusi kwa kuharibu maandishi yao. Kwenye saratani askari hawa huanza kuwapiga wa nyumbani, wakibadilisha DNA ya seli yenyewe. Watafiti wanawafuatilia kwa karibu, kwa sababu kwenye saratani nyingine, kama ya mapafu, wamehusishwa na kuzalisha mabadiliko yanayoleta usugu wa dawa.

Anachofanya mtafiti wa uzamivu

Ukisikia mtu "anafanya PhD ya jenomu za saratani", usidhani anakaa tu na vitabu. Kazi yake inaanza kwa kibali. Nchini Tanzania, maadili ya tafiti za afya husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Sampuli ikitakiwa kwenda nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba unaosema inakwenda wapi na kufanya nini.

Kisha inafuata sampuli yenyewe: kinyama kutoka kwenye uvimbe, na damu ya mgonjwa huyo huyo. Zote mbili zinasomwa na kulinganishwa herufi kwa herufi. Kilichomo kwenye uvimbe na hakimo kwenye damu ndicho kilichozaliwa na saratani.

Hapo shida za kawaida zinaingia. Kinyama kikikaa kwenye formalini muda mrefu, DNA inakatikakatika. Kikihifadhiwa kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, umeme ukikatika na jenereta ikigoma, kazi ya miaka inaweza kupotea usiku mmoja.

Lakini kwa anayetafuta usugu, kikwazo kikubwa kuliko vyote ni sampuli ya pili. Ili kujua kilichobadilika lazima awe na uvimbe wa kabla ya dawa na uvimbe wa baada ya dawa kugoma, wa mtu yule yule. Wagonjwa wa umio wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Wengine hurudi nyumbani wasionekane tena. Sampuli ya pili inakosekana, na jibu linaondoka nao.

Mazingira ya kazi hii Kaskazini yapo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, inafundisha uzamili na uzamivu tu. Moshi, taasisi ya utafiti iliyo ndani ya KCMC imekuwa ikisoma jenomu za bakteria waliokuwa sugu kwa antibayotiki. Kusoma uvimbe kunahitaji kompyuta zenye nguvu zaidi na wachambuzi wengi zaidi, lakini swali ni lile lile: nani amebaki hai, na ana nini ambacho wenzake hawana?

Kwa mgonjwa wa leo

Matokeo ya tafiti huchukua miaka. Ila kuna mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanaweza kufanya sasa.

- Dawa isiachwe kimya kimya. Madhara yakizidi au nauli ikikosekana, daktari aambiwe mapema. Mara nyingi kuna namna ya kurekebisha dozi au tarehe ya kliniki.
- Dawa za kienyeji zitajwe kliniki bila aibu. Baadhi huingiliana na dawa za saratani.
- Dawa ikigoma, daktari aulizwe: je, kuna kipimo cha kujua sababu kabla ya kubadilisha?
- Ripoti ya kinyama cha kwanza na namba yake vitunzwe kama hati ya shamba. Maabara huhifadhi kipande kwenye nta, na siku kipimo kipya kitakapopatikana, kipande hicho ndicho kitakachoonyesha uvimbe ulivyokuwa kabla ya dawa.
- Chakula kikikwama kooni wiki baada ya wiki, mtu asisubiri hadi maji nayo yakwame. Na chai ikitoka jikoni, iachwe ipoe kidogo kwanza.

Na mtafiti akiomba sampuli ya pili, mgonjwa ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na ana haki ya kukataa. Akikubali, huenda jibu lisimfae yeye. Litamfaa atakayekaa kwenye benchi lile lile la kliniki miaka kumi ijayo, dawa ikiwa imemgomea, daktari wake akiwa na majibu mkononi.